Maiki ya kubana yenye mwelekeo: ni nini na huvaliwaje

Kwanza tutenganishe maneno, maana "kipaza sauti" watu huita kile kinachosemewa na pia lile boksi linalonguruma ukutani. Hapa maiki ni inayosikia, spika ni inayotoa.

Maiki ya kubana ni ile ndogo inayobanwa kwenye nguo, kifuani. Nyingi husikia pande zote sawasawa. Yenye mwelekeo husikia sana mbele, hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ubavuni, na nyuma husikia kidogo mno. Usikivu wake ukichorwa kwenye karatasi hutoka umbo la moyo, ndiyo asili ya jina lake, kadioidi.

Ishike karibu na jicho. Mbali na tundu la mbele, utaona vijitundu ubavuni au nyuma. Si pambo. Sauti ya nyuma huingia kwa vijitundu hivyo, na pia huzunguka hadi mbele. Ile ya vijitunduni hucheleweshwa kidogo makusudi, ili zote mbili ziufikie utando wa ndani kwa wakati mmoja. Utando uliosukumwa huku na huku kwa nguvu sawa hautikisiki, basi hakuna sauti.

Ndiyo maana kipande cha plasta au pindo la mtandio juu ya vijitundu huiharibu kabisa: inageuka kuwa kama ya pande zote, tena yenye sauti ya kufunikwa. Anayevaa buibui aibane juu ya tabaka la nje la mtandio, na kitambaa kilichobaki kizuiwe kwa pini kisije kikaangukia maiki. Kanzu ina tabu yake. Kitambaa ni chepesi, na pa kubana ni pale penye mpasuo wa kifua tu, kwa hiyo maiki huinama ikaanza kusikiliza tumbo. Zungusha waya kitanzi kimoja na ukibane pamoja na klipu, usivute. Akivaa koti juu ya kanzu, kola ya koti ni bora, upande ule anaogeukia zaidi anapozungumza.

Umbali: sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, pungufu kidogo ya shibiri, ikitazama mdomo. Ukiishusha kutoka sentimita 15 hadi 30 unapoteza desibeli 6 za sauti ya msemaji, na hakuna maiki ya bei yoyote itakayokurudishia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maiki ya kifuani inatazama juu, kwa hiyo mgongo wake uko sakafuni. Spika ndogo iliyowekwa chini miguuni pa msemaji haisikiki sana kwa maiki. Pangaboi lililo juu ya kichwa chake liko mbele ya maiki kabisa! Msogeze msemaji, au lizimwe. Spika kubwa za ukumbini ziwe mbele yake, zikiwatazama wasikilizaji, zisije zikapiga mluzi.

Kwa mhadhara au harusi ambapo spika zinawaka, maiki hii inafaa. Kwa mahojiano ya nje, mimi ningechukua ya pande zote. Msemaji akigeuza kichwa, yenye mwelekeo humpoteza, sauti ikawa butu. Upepo nao huionea zaidi kwa sababu iko wazi mbele na nyuma: Forodhani wakati wa kusi sponji peke yake haitoshi, uivalishe kifuniko cha manyoya. Na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, adhana na honda hugonga kuta zikarudi kutoka kila upande, sasa utaipa mgongo ipi?

Ikiwa karibu na mdomo, maiki yenye mwelekeo huongeza besi. Kata sauti nzito za chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100. Mwambie msemaji aseme kwa sauti yake kubwa kabisa, si ile ya "moja, mbili", urekebishe kiwango cha kurekodi mpaka kilele kiguse kama desibeli -12 kwenye kipimo cha mashine.

Kabla ya kununua, vaa hedifoni usugue vidole mbele ya maiki, kisha nyuma yake, umbali ule ule. Usiposikia tofauti, ama vijitundu vimeziba, ama unauziwa ya pande zote kwa bei ya nyingine.