Maswali na Majibu: Je, Nichanje Mifugo Yangu Dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa?

Homa hii haijaonekana kwetu kwa miaka mingi. Kwa nini nilipie chanjo sasa?

Swali hili ni la haki, kwa sababu mfugaji mwenye fedha za chanjo moja tu huanza na ugonjwa anaouona kila mwaka, kama sotoka ya mbuzi na kondoo. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na kuwapata mifugo na watu, haina desturi hiyo ya kuja kila mwaka. Tangu ilipotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, milipuko yake mikubwa katika Afrika Mashariki imefuata mvua za kupita kiasi, kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998, kisha za 2006 na 2007, ambapo wagonjwa walionekana Garissa na baadaye Tanzania, ikiwemo Dodoma.

Katika miaka ya ukimya virusi havitoweki. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa madimbwi ya msimu, na mayai yenye virusi huweza kukaa makavu kwa miaka kadhaa, hata mafuriko yanapokuja mbu huanguliwa wakiwa tayari na maambukizi. Kwa hiyo anayelisha mifugo kwenye mabonde yanayotuama maji ana sababu kubwa zaidi ya kuchanja kuliko anayefuga kwenye miinuko mikavu.

Je, si busara kusubiri hadi mvua kubwa itabiriwe?

Ni kujiweka hatarini. Mwaka 2006 tahadhari ya watabiri ilitolewa mwezi Novemba, na ugonjwa ukathibitishwa Garissa mwezi Desemba. Katika muda mfupi namna hiyo chanjo inapaswa kuagizwa, kusafirishwa ikiwa kwenye ubaridi kupitia barabara zinazokatika, na mnyama apate muda wa kujenga kinga. Mlipuko ukishaanza, Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya kuchanja, kwa kuwa sindano inayotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine hueneza virusi vyenyewe. Wakati unaofaa ni kiangazi, malisho yakiwa makavu na hakuna mnyama anayeumwa, na ndiyo maana uamuzi huu ni mgumu kwa mtu yeyote mwenye mahitaji mengine ya fedha.

Nimesikia kwamba chanjo husababisha mifugo kutupa mimba. Ni kweli?

Kwa chanjo ya Smithburn, ndiyo, na wataalamu wanaoficha jambo hili huwapotezea wafugaji imani bila sababu. Chanjo hiyo, iliyotokana na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa Uganda mwaka 1944, ina virusi hai vilivyopunguzwa makali. Dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu, lakini majike wenye mimba huweza kuzitupa au kuzaa watoto wenye kasoro. Chanjo ya virusi vilivyouawa ni salama kwao, ila huhitaji kurudiwa, na gharama huongezeka. Muulize afisa mifugo ni chanjo ipi iliyo ndani ya kasha lake kabla hujamshika mnyama wa kwanza.

Hata hivyo, pima hasara hiyo dhidi ya ugonjwa wenyewe. Kondoo wenye mimba wanaoambukizwa hutupa mimba karibu wote, na zaidi ya asilimia 90 ya wanakondoo wanaoambukizwa hufa.

Uamuzi huu unahusu vipi afya ya watu wa nyumbani?

Unahusu sana, kwa sababu hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya watu wote, na watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu, viungo au mimba iliyotupwa na mnyama mgonjwa, ingawa mbu pia huambukiza. Wagonjwa wengi hupata homa na maumivu ya misuli kisha hupona. Wachache hupoteza uwezo wa kuona, na kati ya wachache wanaofikia hatua ya kutokwa na damu, karibu nusu hufa. Mnyama aliyepata kinga haleti hatari hiyo zizini wala machinjioni. Kwa asiyechanja, maziwa yachemshwe, nyama iive, na kitoto kilichotupwa kisiguswe kwa mikono mitupu.

Nani aamue, na aanzie wapi?

Mara nyingi baba wa familia ndiye anayeuza mnyama ili kulipia, lakini mama anayekamua na watoto wanaochunga ndio wanaojua ni jike yupi ana mimba na lini alipandwa. Wakae pamoja kabla ya siku ya chanjo. Fedha zisipotosha kundi zima, waanze na majike wachanga ambao bado hawajapandwa, kwa kuwa hao ndio watakaokuwa na mimba mvua itakapofurika.