Kimelea hakizoei dawa

Mvua zikianza tu huku Mtwara, kaa kijiweni au dirishani kwa muuza dawa, lazima usikie mtu anasema "mwili wangu ushazoea hizi dawa za malaria", mwenzie anamrekebisha, si mwili bana, vimelea, vile vijidudu vya malaria, ndo vishazoea. Jamani, hakuna kilichozoea hapo.

Kinachotokea ni mageuko, na mageuko kwa kifupi ni aina fulani ya jeni (maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya kiumbe) kuongezeka au kupungua ndani ya kundi, kizazi kwa kizazi. Inaongezeka kwa kuwa inamsaidia mwenye nayo, au imeingizwa na wageni, au bahati tu, hasa kundi likiwa dogo. Kinachogeuka ni kundi, kimelea kimoja peke yake hakigeuki.

Sasa hilo la kuzoea ndo linaniudhi. Chukua klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, wakubwa mnaukumbuka uchungu wake na ule muwasho. Kimelea chenye jeni ya kawaida kikikutana nayo kinakufa, hakipati muda wa kujifunza chochote. Kinachopona ni kile ambacho jeni yake imeshabadilika kutoka huko nyuma, inatengeneza protini inayoitoa dawa nje ya kifuko kinachomeng'enyea damu yako. Kwa hiyo sisi na vidonge vyetu tunaua vya kawaida, vinabaki vile sugu, ndo vinazaana na mbu anavigawa nyumba kwa nyumba. Na hiyo jeni wala haikuanzia kwetu, ilitokea Asia ya Kusini-Mashariki, usugu ukaanza kuonekana kule mwishoni mwa miaka ya 1950, Afrika Mashariki ukafika miaka ya 1970 mwishoni, Tanzania tukaja kuiacha klorokwini 2001.

Halafu angalia Malawi. Wao waliiacha 1993, na haikupita hata miaka kumi vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vikawa ndo vingi tena. Vilisahau? Hapana, dawa ilipoondoka vile vya kawaida vilivyokuwa vimebaki vikazaana kuvishinda vile sugu, hesabu ya kundi ikageuka.

Kwa hiyo ukisema vimelea sugu vimeongezeka, uko sawa kabisa. Mwili wako usiusingizie, kama umemaliza dawa mseto ya malaria na homa imerudi baada ya mwezi, inawezekana umeng'atwa upya tu na mbu mwingine, kapime.