Je, wajua chipsi hunyonya mafuta mengi zikishatoka kwenye karai?

Wengi hudhani chipsi hulowa mafuta zikiwa zinaelea kwenye karai. Kumbe wakati huo mafuta hayapati nafasi ya kuingia kwa wingi. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Kikitumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzijoto 170 hadi 180, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka kwa kasi, na mvuke huo huyasukuma mafuta yasipenye. Mapovu yale ndiyo dalili yake. Mambo hubadilika chipsi zinapoinuliwa. Zikianza kupoa, mvuke uliobaki ndani hurudi kuwa maji, panakuwa na uwazi, na uwazi huo huvuta ndani mafuta yaliyoshikamana na chipsi kwa nje.

Kwa hiyo dakika ya kwanza baada ya kuopoa ndiyo yenye uzito. Muuzaji anayeshikilia chujio juu ya karai na kukung'uta chipsi zingali zinafuka mvuke humpunguzia mteja mafuta mengi. Lakini jioni pale Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, foleni ikiwa ndefu, chipsi humwagwa moja kwa moja kwenye kabati la kioo, kisha mteja akifika, chipsi hurudishwa karaini zipashwe moto. Hapo zinapata nafasi ya kunyonya mara ya pili.

Mafuta yaliyokaangiwa siku kadhaa huongeza balaa. Huwa meusi na mazito, hayachuruziki, yanang'ang'ania chipsi. Karai likijazwa viazi kupita kiasi, au viazi vikitoka kwenye ndoo bila kukaushwa, mafuta hupoa: ganda la nje huchelewa kukauka na chipsi hutoka teketeke, zimelowa. Chipsi nyembamba nazo hubeba mafuta zaidi kuliko nene, kwa sababu sehemu ya nje ni kubwa ukilinganisha na nyama ya kiazi.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo inayoeleza vitambi vya vijana wa vijiweni. Nusu kilo ya viazi vilivyomenywa ina takriban kalori 385. Vikikaangwa, maji yakatoka, hubaki kama robo kilo ya chipsi zenye kalori 700 na ushei. Nyongeza hiyo yote ni mafuta, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga ina 4. Zigeuze kuwa zege, yaani chipsi mayai: mayai mawili, kalori 145, kijiko kikubwa cha mafuta ya kikaango, 120. Shushia na soda ya mililita 350 yenye sukari karibu vijiko 9 vya chai, 150 nyingine. Jumla inapita 1,100. Mwanamume anayeshinda amekaa huhitaji takriban 2,200 hadi 2,500 kwa siku nzima, na hapo hatujagusa chapati za asubuhi wala ugali wa usiku.

Neno hilo la kukaa ndilo la msingi. Mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha Ziwa Tanganyika anaweza kula mlima wa ugali wa muhogo na dagaa asinenepe, kwa sababu anauchoma. Dereva wa bodaboda anachoka kweli, jua na vumbi vinamchosha, lakini kazi kubwa inafanywa na injini. Soda nayo ni ya hila: sukari ya kimiminika haishibishi kama chakula cha kutafuna, kwa hiyo mtu hapunguzi sahani kwa kuwa amekunywa.

Huku kwetu kuna wanaoamini mawese hayanenepeshi kwa kuwa ni ya asili. Mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, hilo ni jema, lakini kalori zake ni zilezile 9 kwa gramu, na karibu nusu yake ni mafuta yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu.

Anayependa chipsi hahitaji kuapa hatazigusa tena. Aagize zinazotoka karaini muda huo, aombe zikung'utwe, achukue nusu sahani na kuongeza kachumbari na samaki wa kuchoma, soda aibadilishe kwa maji. Hilo la soda ndilo rahisi kuliko yote, na peke yake linaondoa kalori 150.

Mizani haitoshi kukuonyesha hali yako, kwani wanaume hujaza mafuta tumboni, kuzunguka ini na utumbo, yanakochochea kisukari na shinikizo la damu. Azima futi kamba kwa fundi cherehani, pumua nje kama kawaida bila kuvuta tumbo, kisha pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamume, sentimita 94 ni dalili ya hatari. Zikivuka 102, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari na presha.