Tromboni na dakika 20 za kukaa kimya

Vijana wengi wanaonijia kujifunza tromboni (ala ya shaba ya kupuliza, yenye bomba la kuvuta na kusukuma liitwalo slaidi) hapa Dar wametokea kwenye matarumbeta: ama kikundi cha kanisani, ama wale wanaopanda nyuma ya gari kusindikiza maharusi. Pumzi wanayo, maana msafara ukianzia Sinza wanapuliza hadi ukumbini. Kinachowashinda wakiingia okestra ya wanafunzi ni kukaa na ala mapajani bila kupiga.

Chukua Simfonia ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Ina sehemu nne, na tromboni zake tatu hazina hata noti moja hadi sehemu ya nne. Unasikiliza wenzako zaidi ya dakika 20. Kisha sehemu ya tatu haikatiki, inaungana moja kwa moja na ya nne. Inanyemelea, timpani (ngoma kubwa za okestra) zikigonga taratibu, fidla zikipanda, na mara mnaingia wote kwa sauti kuu. Hakuna noti ya kujaribia.

Na muda wote huo shaba imekaa chini ya kiyoyozi. Hewa ikipoa nyuzi moja tu, mwendo wa sauti hupungua kwa takriban sentimita 60 kwa sekunde, na sauti ya ala hushuka nao. Kijana aliyejipasha vizuri barazani, kwenye joto letu, anaingia chini ya wenzake na kudhani mkono wake umekosea. Hajakosea. Namfundisha kupitisha pumzi ya moto ndani ya ala dakika moja kabla, kimya kabisa, bila kutetemesha midomo.

Wengi hupotea baadaye, katikati ya sehemu ya nne, muziki wa sehemu ya tatu unaporudi kwa sauti ya chini na tromboni zikanyamaza tena. Hapo tunahesabu kwa vidole gotini: moja-mbili-tatu, mbili-mbili-tatu, tatu-mbili-tatu, namba ya mwanzo ikihesabu kila kipimo cha midundo mitatu.

Slaidi ina nafasi saba, na katika nafasi moja midomo inaweza kutoa noti nyingi. Juu kabisa noti hizo husongamana, ni rahisi kuangukia ya jirani, na Beethoven amempeleka tromboni wa kwanza hukohuko. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi apige kwa nguvu. Namwambia avute pumzi pamoja na mkono wa mwongoza okestra, na aisikie noti yake kichwani kabla haijatoka.