Upolisi wa trafiki kwenye rauta: kwa nini limiti ya Mbps 5 inaweza kukupa 2

Ukitaja "trafiki" huku Mtwara, mtu anamwona askari wa barabarani mwenye sare nyeupe. Kwenye rauta, kile kifaa kinachopitisha data ya mtandao, trafiki ni msururu wa pakiti (vipande vidogo vya data) zinazopita, na upolisi wa trafiki ni kazi ya kupima kasi ya msururu huo na kuzitupa pakiti zinazozidisha. Limiti ni namba uliyoiweka, mfano Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde). Upolisi ni namna rauta inavyoisimamia namba hiyo.

Kumbuka msimu wa korosho, malori yanapojipanga nje ya maghala. Tuseme pale getini kuna karani anayetia vibali kwenye sanduku kwa mwendo uleule, 10 kila dakika, na kila gunia linaloingia linakula kibali kimoja. Sanduku likijaa, vibali vinavyozidi vinamwagika, havihesabiki. Likija lori la magunia 200 na ndani ya sanduku kuna vibali 200, yote yanapita kwa mkupuo mmoja. Vikiwa 50, yanapita 50 na yaliyobaki yanakataliwa palepale.

Rauta inafanya hivyo hivyo. Kibali ni baiti moja, mwendo wa karani ndiyo kasi ya limiti, na ukubwa wa sanduku ndio kiasi cha mkupuo.

Ipo njia ya pili, nayo watu huichanganya na upolisi: foleni. Hapo lori halikataliwi, linaambiwa lisubiri pembeni mpaka vibali vipatikane. Foleni inapoteza pakiti chache lakini inachelewesha, inakula kumbukumbu ya rauta, na kwa kawaida hufanya kazi kwa data inayotoka tu. Upolisi unaweza kuuweka kwenye kuingia na kwenye kutoka.

Sasa nije kwenye mkupuo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Niliwahi kufunga mtandao kwenye nyumba ya wageni maeneo ya Shangani. Laini ilikuwa Mbps 20, kila chumba nikakipa 5. Kesho yake mgeni akanifuata mapokezi: "Kaka, mmeandika tano, mbona napata mbili?" Nikapima kwa simu yangu, kweli mbili. Kasi niliiandika sawasawa, lakini mkupuo niliuacha baiti 8,000. Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500, kwa hiyo sanduku langu lilitosha pakiti 5 tu.

Seva ya video haitumi pakiti mojamoja kwa nafasi. Inazimwaga kwa mafungu, kisha inatulia. Sanduku dogo linakauka katikati ya fungu na pakiti zinazofuata zinatupwa. TCP, kanuni ya kusafirisha data ambayo ndiyo inayobeba upakuaji mwingi, ikiona pakiti imepotea inachukulia kwamba njia imejaa, inashusha kasi karibu nusu, inaanza kupanda taratibu, inagonga limiti tena, inashuka tena. Kwa mwendo huo wa kupanda na kuporomoka, wastani haufiki 5 hata siku moja.

Kanuni inayotumika sana kwenye vifaa vya Cisco ni hii: chukua kasi kwa biti, gawa kwa 8 upate baiti (baiti moja ni biti 8), zidisha kwa 1.5. Kwa Mbps 5 unapata 625,000, kisha 937,500. Amri yake:

police 5000000 937500 conform-action transmit exceed-action drop

Angalia vizuri: namba ya kwanza ni biti kwa sekunde, ya pili ni baiti. Vipimo viwili tofauti kwenye mstari mmoja, na hapo fundi akiwa na haraka anakosea mara nane.

Wenye rauta za MikroTik, ile limiti ya kawaida mnayomwekea mteja ni foleni. Ina namba mbili: ya kwanza ni ya kupakia, ya pili ni ya kupakua, kwa kumtazama mteja. Ukizigeuza, mteja wako atatuma haraka na kupokea kwa kuvutavuta.

Simu za sauti zinahitaji huruma ya pekee. Nyingi zinasafiri kwa UDP, kanuni ya kutuma data isiyorudia kilichopotea, na neno lililotupwa halirudiwi, kwa hiyo mama anayeongea na mwanawe aliyeko Dar anasikia maneno nusunusu. Zitenge kwenye fungu lao kabla ya kuweka upolisi kwa vingine vyote.

Ukimaliza, usiondoke bila kusoma kaunta. Kwenye Cisco ni show policy-map interface: itakuonyesha pakiti zilizotii na zilizozidi. Fungua video moja kwenye chumba kimoja, uangalie ile ya zilizozidi. Ikiwa inapanda mfululizo na kasi bado iko chini ya limiti, acha kasi kama ilivyo, ongeza mkupuo.