Umahiri si jina lingine la vitendo

Kwenye mahafali ya chuo kimoja cha uuguzi, mgeni rasmi alisimama akatangaza kwa furaha kwamba siku hizi tunafundisha kwa umahiri, kwa hiyo nadharia imepungua na vijana wanafanya kwa mikono. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Lakini maneno hayo nimeshayasikia mara nyingi mno, na wanaoyasema si wageni rasmi peke yao. Wamo wakufunzi wenzangu, ambao kesho yake huketi kuandika andalio la somo kwa tafsiri hiyohiyo.

Maana yenyewe haina mzunguko. Katika mtaala, umahiri ni uwezo wa kuifanya kazi fulani kwa kiwango kilichowekwa, pale kazi inapofanyikia, ukijua unachofanya na kwa nini unakifanya. Maarifa, mkono na mwenendo kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, umahiri haupo.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno. Mahiri ni neno la Kiarabu, na kamusi zao za kale zinasema sifa hiyo walipewa zaidi waogeleaji hodari. Habari hiyo naipenda sana. Mwogeleaji hapimwi ukingoni: anaweza kukueleza vizuri namna ya kupiga mikono, akaingia majini akazama. Na yule mwenye mikono mizuri asiyejua mkondo unavuta kuelekea wapi atazama vilevile, mbele kidogo tu.

Waliopita madrasa wanalijua neno hili kwa njia nyingine. Iko hadithi aliyoipokea Bi Aisha kwamba aliye mahiri wa kusoma Kurani atakuwa pamoja na malaika waandishi watukufu, na anayesoma kwa kugugumia, kwa taabu, ana ujira mara mbili. Mahiri hapo ni mtu wa daraja la juu. Ndivyo Kiswahili kilivyolipokea: fundi mahiri, mshairi mahiri, mpishi mahiri. Mtu haitwi mahiri kwa sababu tu haharibu kazi.

Sasa mtaala ukalichukua neno hilo la kileleni ukaliweka sakafuni. Umahiri wa mtaala ni kima cha chini, yaani usipokifikia hukabidhiwi mgonjwa. Patricia Benner, muuguzi wa Marekani aliyeandika juu ya ukuaji wa wauguzi kazini miaka ya 1980, aliweka ngazi tano kuanzia mwanagenzi hadi bingwa. Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelitafsiri kwa umahiri (competent) liko ngazi ya tatu, katikati kabisa, na kwa hesabu yake muuguzi huifikia baada ya miaka 2 au 3 ya kazi ileile. Ndiyo maana mzazi akisikia mwanawe amehitimu umahiri anadhani amepata bingwa nyumbani, na wodini muuguzi mkongwe anamtazama kijana huyo na kucheka kimoyomoyo.

Wakenya walipoanza mtaala wao mpya shuleni mwaka 2019 walichagua umilisi badala ya umahiri. Hawakuponyoka. Wanaisimu walishalizoea umilisi kwa maana ya Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani: ujuzi wa lugha uliomo kichwani, tofauti na utendaji unaotoka mdomoni. Kwa muuguzi hiyo ni kinyume chake, kwa sababu kilichomo kichwani hatukijui mpaka kitoke mkononi.

Na mkono peke yake nao hudanganya. Niliwahi kusimamia mtihani wa vituo, ule ambao Ronald Harden wa Dundee, Uskochi, na wenzake waliueleza mwaka 1975, mwanafunzi anazunguka kutoka meza hadi meza kwa dakika chache chache. Kituo changu kilikuwa cha patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua na hali ya mtoto. Mwanafunzi alipewa mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, 96 kwa dakika, wakati kawaida ni 110 hadi 160. Akayaweka kwenye mstari wake kwa nukta safi ambayo hata mimi siwezi kuichora. Kisha akahamia kipimo kinachofuata, kimya. Hakuita mtu, hakusema mama ageuzwe alale ubavu. Nikatazama fomu ya kusahihishia: "Ameandika mapigo ya moyo wa mtoto." Nikampa alama zote, na hilo linanikera hadi leo. Kitendo kilikuwepo. Nadharia ndiyo iliyokosekana, ile tunayopigiwa makofi kwa kuipunguza, na aliyeandaa fomu (nilikuwa mmoja wao) hakuiulizia.

Hapo ndipo maandalizi ya ufundishaji yanapoharibika. Andalio linaandikwa "mwisho wa kipindi mwanafunzi awe na umahiri wa kufuatilia uchungu", na kipindi chenyewe ni saa moja, darasa lina wanafunzi themanini na mdoli mmoja. Saa moja inatosha lengo la kipindi: ataje, aeleze, aoneshe kwa mdoli. Umahiri hujengwa na vipindi vingi pamoja na zamu za leba, tena zamu ambazo mkunga mmoja amezungukwa na wanafunzi wa vyuo vitatu na anasaini vitabu vyao vyote siku ya mwisho, akihesabu mara ngapi wamefanya. Kumi zimetimia, saini. Kama zile kumi zilifanyika vibaya kwa namna ileile, kitabu hakina safu ya kuandika hilo. Mkunga simlaumu; ana akina mama sita wa kuhudumia. Sisi tunaopanga tungeanzia kwake, tukaamua kwanza nini hasa akione kabla ya kusaini, ndipo turudi nyuma kwenye fomu ya mtihani, na andalio la somo liwe la mwisho kuandikwa.

Kwa hiyo mgeni rasmi, kama chuo kimenunua midoli na kuongeza wiki za wodini, sema tumeongeza mazoezi ya vitendo. Ni habari njema, tutapiga makofi vilevile. Na wale vijana waliovaa majoho, inatosha kusema wamefaulu.