Dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo uliopandikizwa: maswali na majibu

Moyo mpya unapiga vizuri. Dawa za nini tena?

Kinga ya mwili haijui kwamba moyo huo umekuja kukuokoa. Askari wake, hasa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, wakiutambua kuwa mgeni wanaushambulia. Desemba 1967 Christiaan Barnard alipompandikizia moyo Louis Washkansky huko Cape Town, mgonjwa huyo aliishi siku 18 tu. Alikufa kwa nimonia, kinga yake ikiwa imedhoofishwa na dawa. Mpaka leo kazi ni ileile: kinga ishuke kiasi cha kuuacha moyo, lakini isishuke hadi kila kijidudu kikupate. Ndiyo maana dawa hizi humezwa maisha yote.

Ni dawa zipi?

Mara nyingi ni tatu. Takrolimasi, au siklosporini iliyotokana na kuvu wa udongoni, huzuia seli T zisiamke. Maikofenoleti huzuia zisiongezeke. Prednisoloni hutuliza mashambulizi kwa jumla. Hii ya mwisho hupunguzwa kidogo kidogo, na wengine huachishwa kabisa. Zikitumika pamoja, kila moja hutolewa kwa dozi ndogo kuliko ingekuwa peke yake.

Mbona napimwa damu kila mara?

Kwa sababu takrolimasi ikipungua moyo uko hatarini, na ikizidi figo zinaumia na mikono inatetemeka. Nafasi kati ya hayo mawili ni nyembamba. Damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: mtu anameza saa 1 kama kawaida, anafika maabara saa 3. Majibu yanaonyesha dawa imejaa, daktari anapunguza dozi, kumbe ilikuwa sawasawa. Nenda na vidonge mfukoni, toa damu, ndipo umeze.

Nitajuaje kama mwili umeanza kuukataa moyo?

Huenda usijue, na hili ndilo ningependa kila mgonjwa alishike. Kuchoka kusiko kwa kawaida, kuhema, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla au mapigo kwenda ovyo ni dalili za kukukimbiza hospitali, lakini mara nyingi hatua za mwanzo hazina dalili yoyote. Isitoshe, neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo hata maumivu ya kifua huenda usiyasikie. Kwa hiyo madaktari hawangoji malalamiko yako. Hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi upande wa kulia wa moyo, wakanyofoa vipande vidogo vya nyama yake na kuvitazama kwa hadubini. Miezi ya mwanzo kipimo hiki hurudiwa mara kwa mara. Anayepunguza dawa kwa kuwa “najisikia mzima” anacheza kamari.

Nijihadhari na nini?

Balungi na juisi yake: huzuia utumbo kuivunja takrolimasi, kiwango kikapanda. Klarithromaisini (antibiotiki) na flukonazo (dawa ya kuvu) nazo hukipandisha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha sana. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu ambazo watu hununua bila hata kufikiri, huziumiza figo ambazo tayari zimebeba mzigo. Dawa za mitishamba usiziguse kabla ya kuuliza. Chanjo zenye vijidudu hai kwa kawaida huepukwa.

Na madhara?

Yapo: shinikizo la damu, kisukari, kuharisha kwa maikofenoleti, fizi kuvimba na nywele kuota kwa siklosporini. Hatari ya saratani ya ngozi huongezeka, basi jikinge na jua. Mwanamke anayetumia maikofenoleti asishike mimba kabla ya kuzungumza na daktari, maana dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kotrimoksazoli na statini ni za nini?

Ya kwanza huzuia nimonia inayosababishwa na kuvu, ambayo huwapata wenye kinga iliyoshuka. Ya pili, dawa ya kushusha kolesteroli, husaidia kulinda mishipa ya moyo mpya isizibe.

Nikisahau dozi, au nikitapika baada ya kumeza?

Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Piga simu kwa timu iliyokupandikiza, uwaambie ulimeza saa ngapi na ulitapika baada ya muda gani. Wao ndio wataamua kama urudie. Ukitapika au kuharisha siku nzima, usingoje kesho kupiga.